Aliye Juu

Gari nimelinunua kwa mwoka mikate mstaafu wa Llandysul.
Maandishi nimeyakwangua kwa kisu na maji ya moto,
lakini jua likiligonga ubavuni, jua letu la kuazima,
neno la zamani linajichomoza: BARA.
Na bara, kwetu, ni mkate.
Nikaliacha. Si uongo.

Miaka kumi na mmoja nimekata miti ya Emlyn
kwa misumeno ya Emlyn, kwa kamba za Emlyn,
Ijumaa bahasha, Jumatatu matusi.
Nilipomwambia naondoka alicheka:
"Kupanda unajua, Heledd. Je, kuuza?"
Kisha akanipa mkanda wake wa kwanza wa kupandia,
ngozi imekakamaa kama papa mkavu,
hauvaliki, ni wa kutundika ukutani tu.
Sijui hadi leo kama ni baraka au laana.

Wiki tatu simu imelala kifudifudi mezani.
Mama akipita anaigusa
kama mtoto mwenye homa.
Nimebandika karatasi posta, duka la mbolea,
mlango wa kanisa ambako hawanijui ila mazishini.
Nimejifunza maneno ambayo shoka halina:
ankara, dhima, kodi, bima.
Nimeshalipia, kwa awamu, kuanguka ambako sijaanguka.

Siku ya ishirini na mbili, Bi Tegwen Pugh.
Ana mwaloni nyuma ya banda la kuku,
anataka uondoke wote, "shina na kivuli chake".
Nikauzunguka. Nikaugonga kwa nyundo ya mbao,
nikautegea sikio kama mkunga.
Tawi moja limekufa, linaning'inia juu ya bati;
mengine yana karne mbili mbele yao.
Kuukata wote: pauni mia tisa.
Tawi tu...
nikameza mate, nikasema mia na themanini,
kwa sauti ya mtu anayeomba maji.
Akakubali kabla sijafunga mdomo.
Hapo nikajua nimejipunja.

Mashine ya kusaga matawi, kuikodi, tisini na tano.
Petroli, thelathini.
Iwan wa kushika kamba, sabini, chakula juu yake.
Hesabu niliifanya mgongoni mwa trei ya mayai,
ikatoka na deni la kumi na tano.
Nikairudia. Trei haikubadili neno.

Na hata hivyo.
Saa mbili na robo asubuhi, ukungu bado umeulalia mto,
nikarusha kamba; ikaingia kwenye panda mara ya nne
(Iwan akitazama viatu vyake, kwa adabu)
nikapanda.
Gome baridi, la kweli.
Nikakata chini kwanza, theluthi, kisha juu,
tawi likatoa ule mlio wa mzee anayeinuka kitini,
likashuka kwa kamba taratibu, likaliepa bati
bila kumshtua hata kuku mmoja.

Nikazima msumeno.
Hapa ndipo Emlyn angefoka: shuka, twende!
Hakuna aliyefoka.
Aliye juu mngoje chini, wasemavyo.
Basi chini wananingoja Iwan na sabini zake,
mwenye mashine, mwenye mkopo, mtu wa kodi,
na Bi Tegwen, mikono kiunoni,
anakitazama kile kidonda cheupe
kana kwamba mti ndiyo kwanza umemjibu.
Wangoje.

Nikakaa pandani dakika nzima,
dakika niliyoilipia mwenyewe,
nikayaona mapaa ya majirani, na nyuma ya la tatu
msonobari umeuegemea waya wa simu.
Mia nne, nikasema peke yangu huko juu.
Nikasema tena. Mia nne na hamsini.
Tena,
mpaka sauti ikaacha kuomba maji.